Mshahara wa sheria kwa nyumba ya vyumba vinane Malindi: kusi nitaivuka?

BintiWaMvuvi (Malindi)

Assalaam aleikum, na wasio Waislamu hamjambo nyote. Nina swali la mshahara, naomba mnijibu kama mnavyomjibu ndugu yenu.

Nina nyumba ya wageni hapa Malindi, vyumba vinane. Marehemu baba aliijenga kidogo kidogo kwa pesa za samaki, na tangu afariki naiendesha mimi. Wafanyakazi ni sita: wawili wa vyumba, shamba boi, soja wa mchana, soja wa usiku, na mpishi wa asubuhi. Wiki iliyopita yule mkubwa wa vyumba, niliyekaa naye miaka tisa, alimaliza kukunja mashuka akaja jikoni na simu yake. Ilikuwa na ile amri ya mishahara ya serikali iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024. Hakuja kwa ukali. Alisema tu, "Dada, hebu soma mstari huu wa kwanza."

Mstari wa kwanza ni wa kazi za kawaida: msafishaji, mfagiaji, mtunza bustani, yaya, mtumishi wa nyumbani, soja wa mchana. Kwa miji iliyokuwa manispaa, na Malindi ilikuwa manispaa, ni shilingi 14,866.90 kwa mwezi. Posho ya nyumba haimo humo. Ukitia ile asilimia 15 ya nyumba, unafika 17,096 na senti zake. Mimi namlipa 11,000 kabla ya makato, na nilikuwa najihesabu mlipaji mzuri, kwa sababu majirani zangu wanatoa nane, wakijitahidi tisa.

Usiku ule sikulala. Mamangu alifua mashuka ya hoteli miaka kumi na minne, akilipwa kwa siku, na siku isiyo na wageni hana chake. Ikifika Mei tulikuwa tunakula mihogo mchana na usiku. Nilipoichukua nyumba hii niliapa kwamba mtu wangu hatakaa hivyo. Sasa naonyeshwa na simu kwamba nimekuwa nikimpunja.

Hesabu yangu ni hii. Wanne wanaingia mstari wa kwanza: wawili wa vyumba, shamba boi na soja wa mchana. Mpishi na soja wa usiku wana mistari yao, ya juu zaidi, hao nitawarudia. Kwa wanne, pengo la kila mmoja ni 6,097, jumla 24,388 kwa mwezi. Chumba nauza 3,500 pamoja na chai ya asubuhi. Kwa hiyo nyongeza yote ni kama vyumba saba vya usiku mmoja.

Januari niliuza vyumba 170, yaani chumba kimoja kwa usiku mmoja nahesabu kimoja. Ukigawa ile nyongeza unapata shilingi 143 kwa chumba. Mgeni hataiona hata. Lakini Mei iliyopita niliuza 20. Gawa tena: 1,219 kwa kila chumba! Mnaijua Malindi ya Mei, upepo wa kusi ukishaingia. Mvua, Sabaki inamwaga tope baharini, mwani umelala ufuoni hadi magotini, na hoteli nyingi zimefunga milango.

Kulipa nataka. Ninachouliza ni hiki: waliokwisha lipa kima cha chini cha sheria kikamilifu, ilikuwaje? Ilibidi mfukuze watu? Na je, pesa hiyo inarudi mjini kama wanavyosema, au inapotea kwenye bei tu?

Makasia (Shela, Amu)

Dada, pole kwa kukosa usingizi. Mimi nafanya kazi hiyo hiyo ya vyumba, Shela ya Amu (Lamu), mwaka wa sita sasa. Soma mstari ule ule, lakini safu ya mwisho, ya "sehemu nyinginezo". Ni 8,596.49. Hapo ndipo nilipo mimi.

Sababu ni kwamba Amu haikuwahi kuwa na baraza la manispaa enzi zile. Tulikuwa na baraza la kaunti tu, basi sheria imetuweka kundi moja na vijiji. Tofauti ya shuka ninalotandika mimi na analotandika mtu wako ni shilingi 6,270.41 kwa mwezi. Na unga ninaokula umetoka bara, umeshushwa Mokowe, umepakiwa kwenye boti, umebebwa na punda kutoka gatini. Kila anayeugusa anakula kidogo. Gesi vivyo hivyo, saruji vivyo hivyo.

Lakini nikueleze jambo ambalo wengi hawalijui. Huku kwetu hakuna anayelipwa hiyo 8,596. Mwenye nyumba akitoa hiyo hapati mtu, kwani kijana ataingia kwenye boti ya uvuvi au atakwenda Manda kukata mawe. Mimi napokea 12,000. Kwa hiyo serikali ilipoongeza asilimia 6, kwangu haikuongezeka hata senti. Nilimuuliza tajiri wangu, akanijibu, "Wewe uko juu ya kima cha sheria tayari." Nyongeza ya serikali ikageuka sababu ya kuninyima nyongeza. Niliumia sana siku ile.

Kwa hiyo kwenu kima kiko juu ya kinacholipwa, na kwetu kiko chini yake. Msidhani tangazo moja la Rais la Mei Mosi linafika kote sawasawa.

DukaLaPembeni (Maweni, Malindi)

Binti yangu, mimi nitakujibu lile la mwisho, kama pesa inarudi. Nina duka la rejareja miaka ishirini na mbili na nina daftari la deni. Daftari halidanganyi.

Mtu anayepata elfu tisa ananunua vya kadogo. Mafuta ya kupimiwa ya shilingi 20, sukari robo, majani ya chai ya pakiti ndogo, unga wa kupima. Bei ya kadogo ni ghali kuliko ya pakiti nzima, sote tunajua, lakini hana namna. Akianza kupata elfu kumi na tano, kitu cha kwanza kinachobadilika ni kwamba anachukua pakiti ya kilo mbili. Cha pili, deni langu analipa kufikia tarehe tano, halingoji tarehe ishirini. Cha tatu ni karo, na hiyo haipiti kwangu lakini nasikia watoto wakisema hawakurudishwa nyumbani. Pesa hiyo haiendi mbali. Inaishia kwangu, kwa muuza samaki, kwa fundi cherehani, kwa tuktuk.

Ila kuna anayeila kabla hatujaiona: mwenye nyumba za kupanga. Mwaka 2024 Rais alitangaza asilimia 6 tarehe 1 Mei. Amri ikaanza kutumika 1 Novemba. Katikati hapo ni miezi sita. Mtaani kwetu chumba cha 2,500 kilikuwa kimefika 3,000 mwezi wa saba! Wapangaji wakaanza kulipa nyongeza ya kodi kwa mshahara ambao hawajaupokea, na wengine hadi leo hawajaupokea. Bei ya unga haikwenda na mshahara, kwani unga una mambo yake. Julai 2022 ulipanda mpaka serikali ikaweka ruzuku uuzwe 100 kwa pakiti ya kilo mbili, na mwaka huo huo mishahara ilikuwa imeongezwa asilimia 12 Mei Mosi. Ile 12 mimi sikuiona kwenye daftari. Unga uliimeza.

Makasia (Shela, Amu)

Mzee wangu, shikamoo. Umesema maneno mazito na nakuamini. Naomba kuuliza kwa heshima: pale dukani una kijana wa kubeba mizigo?

DukaLaPembeni (Maweni, Malindi)

Marahaba mwanangu. Ninaye. Namlipa 300 kwa siku na chakula cha mchana. Tangu nisome swali la binti huyu nimekuwa nikilihesabu jambo hilo. Siku ishirini na sita ni 7,800, na yeye yuko mstari ule ule wa kwanza. Faida yangu kwa pakiti ya unga ni shilingi chache mno, na nikimlipa 17,000 nitakuwa namlipa zaidi ya ninavyojilipa mimi. Sisemi hivyo kujitetea. Nasema ndivyo ilivyo, na sijapata jibu.

DobiWaZamani (Watamu)

Dada, mimi nakuletea upande usiopendeza, kwa sababu umeuliza kama watu hufukuzwa.

Nilikuwa dobi katika hoteli moja, sitaitaja. Mwaka 2017 mishahara ilipandishwa asilimia 18. Tulikuwa kumi na wawili kwenye chumba cha kufulia. Tulishangilia, nakumbuka tulichanga tukanunua soda. Baada ya wiki tatu tukaitwa mmoja mmoja. Tukaambiwa mikataba imekwisha, anayetaka kuendelea atie sahihi ya kibarua, alipwe kwa siku. Wanne walikataa wakaondoka. Wawili wakaachwa msimu ulipokwisha, hawakuitwa tena. Zikaja mashine mbili mpya za kufua. Sita tuliobaki tulifanya kazi ya watu kumi na wawili. Kwa siku tulipata zaidi kidogo kuliko zamani, lakini kwa mwezi tulipata pungufu, kwa sababu siku zenyewe zilikatwa.

Kwa hiyo hoteli ile ikikaguliwa, kwenye karatasi imelipa kima. Hakuna kosa utakaloliona.

Sikujua wakati ule kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi hahesabiwi tena kibarua wa kutwa. Nilikuja kujua nikiwa nimekwisha pitisha miaka mitatu, na baada ya miaka mitatu dai la kazi halipokelewi. Mahakama ya kazi iko hapo hapo Malindi. Nilikuwa napita mbele yake.

Msinielewe kwamba napinga nyongeza. Mimi nilihitaji ile nyongeza kuliko mtu yeyote. Nasema nyongeza bila mkaguzi inamwangukia yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa. Na dada, ukianza kulipa haki, fikiria na mapunjo ya nyuma. Huyo dada wa vyumba hakukutajia, lakini yapo.

BintiWaMvuvi (Malindi)

DobiWaZamani, nimesoma jibu lako nikamwona mamangu. Ahsante kwa kuliandika. Hilo la mapunjo limenikaa kifuani na sitalikwepa.

Naomba anayejua uchumi anisaidie jambo moja. Mbona wengine wanasema ukipandisha mshahara kazi zinapungua, na wengine wanasema hazipungui?

ChakiNaUbao (Mombasa, mzaliwa wa Barani, Malindi)

Dada, nafundisha hesabu na biashara, nitajaribu.

Hoja ya zamani ni rahisi: kitu kikipanda bei kinanunuliwa kidogo, na kazi nayo ni kitu. Kisha mwaka 1992 jimbo la New Jersey kule Marekani likapandisha kima kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, na jirani yake Pennsylvania akabaki pale pale. David Card na Alan Krueger wakalinganisha mikahawa ya chakula cha haraka ya pande zote mbili. Hawakuona kazi zikipungua New Jersey. Wengine waliwapinga kwa takwimu nyingine, na ubishi ulidumu miaka, lakini Card alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2021, na sehemu ya sababu ni kazi hiyo.

Inawezekanaje? Waajiri wakiwa wachache, wao ndio wanaopanga bei. Mfanyakazi wako wa vyumba akiondoka kwako mwezi wa Mei, aende wapi? Hoteli zimefunga. Basi mtu wa namna hiyo hulipwa chini ya faida anayoleta. Hapo ukipandisha kima unampa sehemu ya kile alichokuwa anakizalisha, na mwajiri bado anamhitaji. Makasia ametueleza kinyume chake: Shela kuna boti na mawe ya Manda, mtu ana pa kukimbilia, mshahara umepanda wenyewe bila serikali.

Lakini New Jersey si Malindi. Kule aliyeandikishwa kazi anakaguliwa. Huku zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini iko katika sekta isiyo rasmi. Mabel Andalón na Carmen Pagés walichapisha mwaka 2008 utafiti juu ya kima cha chini Kenya. Waliona wengi hawalipwi hata hicho kima, na kwamba kima kikipanda ukikilinganisha na mishahara ya kawaida, sehemu ya watu walio kwenye ajira rasmi hupungua na ya wanaojitegemea huongezeka. Ndiyo hadithi ya chumba cha kufulia cha Watamu. Kazi haikufa, ila ilihamia pale sheria isipofika.

Sasa hesabu yako, kwa sababu umesahau makato. Kwa 17,097, mfanyakazi anakatwa NSSF (akiba ya uzeeni) asilimia 6, bima ya afya asilimia 2.75, ushuru wa serikali wa nyumba nafuu asilimia 1.5. Jumla kama 1,752. Kodi ya mapato halipi, bado yuko chini ya kiwango kinachotozwa. Anakwenda nyumbani na 15,345. Kwa 11,000 za sasa anakwenda na 9,872. Hiyo ndiyo tofauti mezani kwake. Wewe nawe unachangia NSSF sawa naye na ushuru wa nyumba sawa naye, kwa hiyo pengo lako kwa kila mtu ni 6,554, wala si 6,097. Wanne kwa mwaka mzima ni 314,600 hivi. Tumia namba hiyo. Na usiipime kwa Mei peke yake, nyumba ya wageni hupimwa kwa mwaka.

BintiWaMvuvi (Malindi)

Nimerudi baada ya siku nne. Nilikaa na kalamu.

Miezi yangu mitano ya wageni, Desemba hadi Machi na Agosti, inanipa vyumba kama 720. Nikipandisha hadi 3,800 kwa miezi hiyo tu, napata 216,000. Mitandao ya kuuzia vyumba inanikata asilimia 15, yaani 570 kwa chumba cha bei hiyo. Wageni wangu wa kila mwaka nina namba zao, na wengine ni Waitaliano waliokuwa wakija tangu baba yuko hai. Nikiwapata 150 wapige simu moja kwa moja, naokoa 85,500. Linabaki pengo la elfu kumi na tatu na kitu kwa mwaka. Hilo nitalitoa kwangu.

Sitafukuza mtu. Likizo ya mwaka, siku 21 za kazi zenye malipo, wote watazichukua Aprili, Mei na Juni kwa zamu. Hapo zamani nilikuwa nawapa Desemba kisha natafuta vibarua wa kuwashikia. Hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe la kupanga. Na ile 300 ya kila chumba nimeifungulia akaunti ya peke yake, haiguswi mpaka kusi.

Ninaloliogopa si kima. Naogopa kulipa peke yangu. Jirani akibaki na mtu wa elfu nane, atauza chumba 3,000, na familia ya kutoka Nairobi yenye watoto wanne itakwenda kwake, nami nitawaelewa. Mshahara ukiwa sheria kwa wote, bei inapanda kwa wote na hakuna anayeanguka. Ukiwa sheria kwa anayesoma karatasi tu, anayetii ndiye anayefunga. Nimeanza kuzungumza na wenzangu watatu wa mtaa huu. Mmoja amekubali kukaa chini tuhesabu pamoja, wawili hawajanijibu.

Mzee wa duka, nimelifikiria suala la kijana wako na sina jibu pia. Labda saa zake ziandikwe, awe wa nusu siku kwa malipo halali. Sijui kama yeye mwenyewe angetaka hivyo.

Mapunjo: ya miezi mitano tangu Novemba 2024 ni 30,485 kwa kila mmoja, nitalipa kwa mafungu Agosti na Desemba. Ya nyuma zaidi tutakwenda wote kwa afisa wa kazi Jumatatu, atupigie hesabu. Na habari ya mpishi na soja wa usiku nitamuuliza hapo hapo.

Jana nilimwita yule dada wa vyumba nikamwambia kuanzia mwezi huu ni 17,097. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mwenzake naye atapata. Nikamwambia naye, na shamba boi, na soja. Akauliza kama imeandikwa. Nikampa karatasi akasoma mwenyewe mpaka mwisho, akatia sahihi, akarudi kumalizia chumba namba tano kwa sababu wageni walikuwa wanafika saa tisa.